Heda Iliyopotea: Historia ya Mistari Inayotangulia Ukurasa

Jibu la kwanza la wavuti halikuwa na utangulizi. Katika itifaki ambayo Tim Berners-Lee aliitumia CERN mwaka 1991, ile iliyokuja kupewa namba ya HTTP 0.9, kivinjari kilituma mstari mmoja tu: neno GET likifuatwa na njia ya waraka. Seva ilirudisha waraka wenyewe, kisha ikafunga muunganisho. Hapakuwa na namba ya kusema kama ombi limefaulu au limeshindikana, hapakuwa na tarehe, wala aina ya faili. Waraka usipopatikana, seva iliandika sentensi ya HTML ya kumweleza msomaji, nacho kivinjari kiliionyesha kama ukurasa mwingine wowote.

Mpango huo uliwatosha wanafizikia waliokuwa wakibadilishana maandishi. Haukutosha tena wavuti ilipoanza kubeba picha, sauti na mafaili ya kila namna, kwa sababu kivinjari kilihitaji kujua kimepokea nini kabla ya kukionyesha. Ndipo ikaja mistari ambayo mafundi huiita heda: jina, nukta mbili, thamani, kwa mfano Content-Type: text/html. Kila mstari unaeleza jambo moja kuhusu jibu, na mstari mtupu unatenganisha maelezo na waraka. Ni kama lebo kwenye mzigo unaopelekwa mkoani kwa basi: mwenye mzigo anautazama mzigo, lakini wanaoupokezana njiani husoma lebo, na yeyote kati yao anaweza kubandika nyingine au kuibandua iliyopo.

Tabu ilianzia hapo. Fundi anaandika heda yake kwenye seva, anafungua ukurasa, haioni. Au anaiona kwenye ukurasa wa mwanzo, lakini kwenye ukurasa wa kosa haipo. Au anaikuta mara mbili. Akihamia seva nyingine, mstari uleule unakuja na tabia mpya. Huwa anadhani kompyuta imeamua kumfanyia visa. Historia inasema vingine: nyuma ya heda iliyopotea kwa kawaida kuna uamuzi wa mtu fulani, wa mwaka fulani, uliokuwa na sababu nzuri siku ulipofanywa.

Urithi wa barua pepe

Umbo la heda halikubuniwa CERN. Lilitoka kwenye barua pepe, na lilikuwa limeshatumika kwa miaka mingi. Agosti 1982 David Crocker, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Delaware nchini Marekani, alichapisha waraka namba 822 katika mfululizo wa nyaraka za kiufundi uitwao RFC. Ndani yake alieleza jinsi ujumbe wa barua pepe unavyopangwa: nani kaandika, nani kaandikiwa, tarehe, mada, kisha mstari mtupu, kisha ujumbe. Juni 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed wakaongeza MIME, utaratibu wa kutaja aina ya kilichobebwa ili barua iweze kuwa na picha au sauti. Wavuti ilichukua vyote viwili. Mei 1996, Berners-Lee, Roy Fielding na Henrik Frystyk Nielsen walipotoa RFC 1945, waraka wa HTTP 1.0, kazi yao kubwa ilikuwa kuandika yale ambayo seva na vivinjari vilikuwa vikiyafanya tayari.

Waraka wa Crocker ulikuwa pia na ruhusa iliyokuja kuzaa mengi. Anayetaka heda yake mwenyewe aipe jina linaloanza na X na kistari, naye ahakikishiwe kwamba hakuna kiwango rasmi kitakachotumia jina la namna hiyo. Wazo la kutenga herufi X kwa mambo ya mtu binafsi lilikuwa limependekezwa na Brian Harvey mwaka 1975, katika mjadala wa itifaki ya kuhamisha mafaili. Kwa nadharia, X ilikuwa uwanja wa majaribio. Kwa vitendo, majaribio yaliyofaulu yalienea, na yaliyoenea hayakubadilishika jina tena. X-Forwarded-For, iliyoanzia kwenye Squid, seva ya kati ya aina iitwayo proksi, ili kuitambulisha anwani ya aliyetuma ombi, ikawa desturi ya dunia nzima miaka mingi kabla ya RFC 7239 kuleta mbadala rasmi mwaka 2014. Microsoft ilipotoa Internet Explorer 8 mwaka 2009, ilikuja na X-Frame-Options ya kuzuia ukurasa kuwekwa kwa hila ndani ya fremu ya tovuti nyingine. Vivinjari vingine vikaipokea, na mwaka 2013 ikaandikiwa RFC ikiwa na X yake vilevile.

Juni 2012 ikatoka RFC 6648 kuwaambia wabunifu wa itifaki waache desturi hiyo: heda mpya ipewe jina la kawaida tangu siku ya kwanza, maana hakuna ajuaye ipi itabaki. Waandishi walikuwa watatu, Peter Saint-Andre, Mark Nottingham na Dave Crocker. Huyu wa tatu ni yuleyule wa 1982. Miaka 30 baada ya kuufungua mlango, alishiriki kuufunga.

Jibu moja, waandishi wawili

Mwaka 1993, katika kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois, Rob McCool aliandika seva iliyoitwa NCSA HTTPd. Kupitia seva hiyo ulizaliwa utaratibu wa CGI, ulioruhusu programu ya nje kutunga jibu badala ya seva kusoma faili lililolala kwenye diski. Programu ilitakiwa kutoa heda zake, mstari mtupu, kisha maudhui. Seva ilizisoma heda hizo, ikaongeza za kwake, ndipo ikatuma jibu. Sasa jibu moja likawa na waandishi wawili, na swali la nani ana neno la mwisho likazaliwa siku hiyohiyo. Wasiotaka seva iguse heda zao waliipa programu jina linaloanza na nph-, na seva ikapitisha kila kitu kama kilivyo.

Makosa ya enzi ile bado yanaonekana leo. Programu ikisahau mstari mtupu, au ikichapisha neno lolote kabla ya heda, seva hujibu kwa kosa namba 500 na kuandika kwenye kumbukumbu zake kwamba heda za programu zimekatika kabla ya wakati. Mara nyingine faili lilihaririwa kwenye Windows, mstari wake wa kwanza ukabeba alama isiyoonekana ya mwisho wa mstari, na Unix ikashindwa kumpata mfasiri wa programu. PHP, iliyotolewa kwa umma na Rasmus Lerdorf Juni 1995, ilirithi masharti hayohayo: heda zinatangulia, maudhui yanafuata. Nafasi moja tupu kabla ya alama ya kufungulia msimbo, au zile baiti 3 ambazo baadhi ya vihariri huzitia mwanzoni mwa faili la UTF-8, zinatosha kuifanya PHP ilalamike kwamba heda zimeshatumwa. Fundi anatazama mstari uliotajwa, hauoni ubaya wake, kwa sababu ubaya uko kwenye faili jingine na haukai machoni.

McCool aliondoka NCSA mwaka 1994, na seva yake ikabaki bila mlezi. Wasimamizi wa tovuti walioitegemea walikuwa kila mmoja ana viraka vyake. Februari 1995 Brian Behlendorf na wenzake walianza kuvikusanya viraka hivyo pamoja, na kundi hilo ndilo likawa Apache. Katikati ya mwaka huo Robert Thau alisanifu upya kiini cha seva kwa mradi alioupa jina la Shambhala, ukiwa na moduli zinazoweza kuongezwa na kuondolewa. Apache 1.0 ilitoka Desemba 1995, na kufikia Aprili 1996 utafiti wa kampuni ya Netcraft uliikuta ndiyo seva inayoongoza kwenye intaneti.

Ndani ya usanifu huo kulikuwa na uamuzi mmoja ambao mafundi wanaulipia hadi leo. Apache huweka heda za jibu katika majedwali mawili. La kwanza ni la majibu ya kawaida. La pili ni la heda zinazotakiwa kutoka hata pakiwa na kosa, na kubaki hata pale seva inapoanza upya kazi ndani kwa ndani. Sababu ilikuwa nzuri. Ukurasa usipopatikana, na msimamizi akawa ameandaa ukurasa maalumu wa kosa, seva huanzisha ombi jipya la ndani ili kuuleta ukurasa huo. Heda zilizoandaliwa kwa ajili ya waraka wa awali, kama aina yake na muda wake wa kuhifadhiwa, hazina maana kwa ukurasa wa kosa. Lazima zitupwe. Lakini nyingine, kama ile inayomtaka mtumiaji ajitambulishe, ni lazima zifike.

Moduli ya mod_headers ilipompa msimamizi uwezo wa kuandika heda zake, ilibidi ichague jedwali. Ukiandika Header set bila nyongeza, unaandika kwenye jedwali la majibu ya kawaida, na heda yako haitaonekana kwenye ukurasa wa 404, yaani wa kutopatikana, uliotungwa na Apache yenyewe. Ukiandika Header always set, unaandika kwenye jedwali la pili. Wengi wamedhani kwamba always linajumlisha yote mawili. Sivyo: ni majedwali tofauti, na mwenye kuandika kwenye yote mawili kwa tahadhari huishia kutuma heda ileile mara mbili. Ugumu unaongezeka pale jibu linapotoka kwenye CGI au kwenye PHP inayofikiwa kupitia mod_proxy_fcgi, kwa sababu heda za programu hizo huingia kwenye jedwali la always. Anayetaka kuiondoa X-Powered-By kwa Header unset anashangaa kuiona ingali pale. Ameitafuta kwenye jedwali ambalo haimo.

Apache ya miaka ile ilikuwa pia na heda ya kuficha kosa la wengine. Navigator ya Netscape, katika matoleo ya 2, 3 na ya majaribio ya 4.0, ilikuwa na hitilafu ya ajabu: mwisho wa heda ukiangukia kwenye baiti ya 256 au jirani yake, kivinjari kilishindwa kuzisoma. Waandishi wa Apache walikisia kwamba Netscape ilikuwa ikisoma mwanzo wa jibu kwa chombo cha baiti 256. Hawakuwa na uwezo wa kuirekebisha Netscape, kwa hiyo seva ilihesabu baiti zake, na ilipokaribia mahali pabaya iliongeza mstari mmoja usio na kazi nyingine yoyote: X-Pad, ukifuatwa na maelezo kwamba ni wa kukwepa hitilafu ya kivinjari. Msimamizi aliyeukuta mstari huo kwenye baadhi ya kurasa zake na kuukosa kwenye nyingine alikuwa na haki ya kuchanganyikiwa. Kilichoamua ni urefu wa heda nyingine zote.

Moscow na Redmond

Mwaka 1999 Dan Kegel aliandika kuhusu tatizo lililopata umaarufu kwa jina la C10K: seva moja ihudumie vipi wateja 10,000 kwa wakati mmoja? Apache ya wakati ule ilimpa kila mteja mchakato wake, na kumbukumbu ya kompyuta iliisha haraka. Igor Sysoev, msimamizi wa mitambo katika kampuni ya Rambler mjini Moscow, alianza mwaka 2002 kuandika seva ya namna nyingine, ambamo mchakato mmoja unashika miunganisho mingi. Nginx ilitolewa kwa umma tarehe 4 Oktoba 2004. Mara nyingi ilisimama mbele ya Apache kama proksi, na kwa mipangilio yake ya kawaida ilificha baadhi ya heda zilizotoka kwa seva ya nyuma: Date, Server, na X-Pad. Ile dawa ya Netscape ilikuwa bado inatajwa kwenye msimbo wa Mrusi, miaka mingi baada ya mgonjwa kufa.

Nginx ilikuja na amri yake, add_header, na sheria mbili ambazo aliyezoea Apache hazitarajii. Ya kwanza ni kwamba heda huongezwa tu kwenye majibu yenye namba zilizoorodheshwa, kama 200, 204, 301, 302 na 304. Ukurasa wa 404 au 500 hauipati. Neno always liliongezwa katika toleo la 1.7.5, Septemba 2014, na hapa maana yake ni nyepesi kuliko ya Apache: tuma bila kujali namba ya jibu. Kabla ya hapo waliohitaji walitumia moduli ya ziada ya Yichun Zhang iitwayo headers-more.

Sheria ya pili imewaumiza wengi zaidi. Mipangilio ya nginx imepangwa kwa ngazi: http, ndani yake server, ndani yake location. Kwa mipangilio ya kawaida, amri za add_header hurithiwa kutoka ngazi ya juu endapo tu ngazi ya chini haina add_header hata moja. Tuseme umeandika heda tano kwenye kifungu cha server. Kesho mwenzako anaongeza moja ya kache kwenye kifungu cha location cha picha. Zile tano zimetoweka kwenye picha zote, bila onyo wala mstari kwenye kumbukumbu za makosa. Si hitilafu. Ndivyo nginx inavyozitendea amri nyingine za aina hiyo pia, kama proxy_set_header: ngazi ya chini ikisema lolote, orodha ya juu yote inawekwa kando. Kwa mtunzi wa programu ni sheria safi inayotabirika. Kwa fundi wa zamu ya usiku ni mtego.

Microsoft, yenye makao Redmond, ilifuata njia yake. Windows Server 2003 ilikuja na IIS 6, seva yake ya wavuti, na humo kazi ya kupokea maombi ilihamishiwa kwenye sehemu iitwayo HTTP.sys, ndani ya kiini cha mfumo endeshi. Ombi lililoharibika hukataliwa pale mlangoni kwa jibu la 400, na jibu hilo hujitambulisha kama Microsoft-HTTPAPI badala ya IIS. Heda ulizoziweka kwenye tovuti yako hazimo, kwa sababu ombi halikuifikia tovuti yako. IIS 7, iliyokuja na Windows Server 2008, ikaleta faili la web.config ambamo heda huorodheshwa chini ya customHeaders. Humu urithi ni kinyume cha nginx. Ngazi ya chini hupokea vyote vya juu, ikiwemo X-Powered-By ya ASP.NET iliyowekwa na Microsoft yenyewe, na ukiongeza jina ambalo tayari liko juu, tovuti nzima inaanguka kwa kosa la 500.19. Dawa yake ni kuandika remove kabla ya add. Nginx inafuta kimyakimya, IIS inagoma kwa kelele, Apache inakuuliza jedwali.

Jina moja kwenye kila seva

Machi 2015 lilitokea jambo lililoziweka tofauti hizo zote mezani kwa pamoja. Tarehe 12 ya mwezi huo alifariki mwandishi Mwingereza Terry Pratchett, akiwa na umri wa miaka 66, baada ya kuishi na aina adimu ya Alzheimer aliyoitangaza hadharani mwaka 2007. Katika riwaya yake ya Going Postal, iliyotoka mwaka 2004, kuna mtandao uitwao clacks, wa minara inayopelekeana ujumbe kwa ishara za mwanga. Kijana mmoja wa minara hiyo alipokufa, wenzake walilituma jina lake kwenye laini likiwa na maelekezo matatu, kwa herufi G, N na U: lipelekwe mbele, lisiandikwe kwenye daftari, na likifika mwisho ligeuzwe lirudi. Jina likawa linazunguka minarani siku zote, ndani ya ishara ambazo wateja hawazioni.

Wasomaji wake waliokuwa wakikutana kwenye Reddit waliona mara moja kwamba wavuti nayo ina mahali pasipoonekana. Wakatunga heda: X-Clacks-Overhead, na thamani yake GNU Terry Pratchett. Haikuwa desturi ya kigeni. Tovuti ya Slashdot ilikuwa imetuma kwa miaka mingi maneno ya wahusika wa katuni ya Futurama kwenye heda zake, na WordPress.com iliitumia heda iitwayo X-hacker kuwaalika waombe kazi wale wenye udadisi wa kuchungulia. Lakini hii ya Pratchett ilikuwa na sura nyingine: maelfu ya watu wasiojuana wakijaribu kuweka mstari uleule mmoja kwenye Apache, nginx, IIS, lighttpd na seva nyinginezo, kwa juma lilelile.

Wenye Apache kwenye Debian au Ubuntu waligundua kwamba mod_headers haikuwa imewashwa. Waliouweka mstari wao peke yake kwenye faili la .htaccess walipata kosa la 500 kwenye tovuti nzima, kwa sababu seva haikulijua neno Header. Walioufunga ndani ya IfModule hawakupata kosa wala heda: seva iliruka kifungu chote bila kusema kitu. Wengine faili lao la .htaccess halikusomwa kabisa, maana tangu Apache 2.4 ya mwaka 2012 ruhusa ya kulisoma imefungwa hadi msimamizi aifungue kwa AllowOverride. Wenye nginx waliliona jina kwenye ukurasa wa mwanzo na kulikosa kwenye sehemu zenye heda zake zenyewe. Kwenye kurasa za 404 hawakuliona kabisa, kwani tawi thabiti la wakati ule, 1.6, halikuwa na neno always. Lilifika kwenye tawi thabiti mwezi uliofuata, katika toleo la 1.8. Waliokuwa nyuma ya Varnish, kache iliyoandikwa na Poul-Henning Kamp mwaka 2006, waliendelea kupewa majibu ya zamani mpaka muda wa kuhifadhiwa ulipokwisha.

Hakuna aliyedhurika. Jina la marehemu likikosekana kwenye ukurasa wa kosa, ukurasa bado unafanya kazi. Lakini zoezi lile liliwafundisha watu wengi jambo ambalo nyaraka rasmi zilikuwa zimelisema kwa miaka bila kusomwa.

Mchezo ulipogeuka ulinzi

Wakati huohuo heda za aina nyingine zilikuwa zikiingia kazini, na hizi si za mzaha. Mwaka 2009 Moxie Marlinspike alionyesha kwa programu yake ya sslstrip jinsi mshambuliaji aliye katikati ya njia anavyoweza kumzuia mtumiaji asifike kwenye muunganisho salama. Novemba 2012 ikatoka RFC 6797, yenye heda ya Strict-Transport-Security, inayokiamuru kivinjari kisirudi tena kwenye HTTP ya wazi kwa tovuti ile. Content-Security-Policy nayo ikaja kudhibiti msimbo unaoruhusiwa kuendeshwa ndani ya ukurasa. Ile sheria ya urithi ya nginx, iliyolifuta jina la Pratchett kwenye baadhi ya sehemu za tovuti, inafuta vilevile ulinzi huu kwenye ukurasa wa kuingilia benki, endapo mtu ataongeza pale heda moja ya kache.

Kisha kuna CORS, utaratibu wa kuiruhusu tovuti moja isome majibu ya nyingine, uliopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, kama pendekezo rasmi Januari 2014. Heda yake kuu, Access-Control-Allow-Origin, inakubali thamani moja tu. Programu ikiiandika, na proksi iliyo mbele yake ikaiandika tena, kivinjari hukataa jibu zima hata kama thamani zote mbili zinafanana. Na kuna hila nyingine. Programu ikianguka kwa kosa la 500, jibu la kosa mara nyingi hutoka bila heda hiyo, na kivinjari humwambia mtengenezaji kwamba tatizo ni CORS. Anahangaika na ruhusa mchana kutwa, kumbe hifadhidata ndiyo iliyozimika.

Mei 2015, miezi miwili baada ya kifo cha Pratchett, ilichapishwa HTTP/2 kama RFC 7540. Tangu zamani majina ya heda yalihesabiwa kuwa sawa kwa herufi kubwa au ndogo. HTTP/2 iliamuru yatumwe kwa herufi ndogo tu, na jibu lenye herufi kubwa lihesabiwe kuwa limeharibika. Programu zilizokuwa zikitafuta Content-Type kwa herufi zilezile, kinyume cha sheria ya awali, ziliacha kuiona. Heda ilikuwepo. Aliyeitafuta ndiye aliyekosea tangu mwanzo, na kosa lake lilikuwa limefunikwa na mazoea.

Fundi afanye nini

Historia hii inampa fundi mpangilio wa kazi. Kwanza apime bila kivinjari, kwa sababu kivinjari kina kache yake na kinaweza kukuonyesha heda za jana. Programu ya curl, ambayo Daniel Stenberg wa Sweden ameitunza tangu mwaka 1998, inatosha. Lakini chaguo lake la -I hutuma ombi la HEAD, na baadhi ya programu hulijibu tofauti na GET. Ni salama zaidi kutuma GET ya kweli, kuchapisha heda na kutupa maudhui.

Pili, apime namba zaidi ya moja: ukurasa uliopo, ukurasa usiokuwepo, anwani inayoelekezwa kwingine, na faili la picha. Heda iliyopo kwenye 200 na isiyokuwepo kwenye 404 imeshamwambia aulize juu ya always. Iliyopo kwenye ukurasa na isiyokuwepo kwenye picha imemwambia atazame vifungu vya location. Tatu, apime kutoka ndani kwenda nje: kwanza programu yenyewe kwenye mlango wake, kisha seva iliyo mbele yake, kisha kache, kisha anwani ya umma. Mahali heda inapobadilika kati ya hatua mbili ndipo alipo mhusika.

Nne, akishampata mhusika, amwachie kazi hiyo mmoja tu. Heda ya ulinzi iandikwe na tabaka moja, na matabaka mengine yaipitishe. Tovuti nyingi zinatuma heda mbilimbili kwa sababu kila aliyekuja aliongeza ya kwake bila kuuliza aliyemtangulia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji unayesimamia seva, iwe ya benki, ya wizara au ya duka la mtaani kwako: heda yako ikipotea, usikimbilie kuiandika mara ya pili. Itafute ilipoishia, soma ukurasa wa mwongozo unaoihusu seva hiyo, na ukishairekebisha, acha maelezo mafupi kwenye faili la mipangilio kueleza kwa nini umeiandika hapo. Atakayekuja baada yako hana njia nyingine ya kuijua sababu yako.